Mgeni Siku Mbili: Jinsi ya Kuanza Maisha na Kazi Kwenye Ulimwengu Pepe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wanaoingia kwenye ulimwengu pepe wanaipindua methali hii miguu juu: wanadai jembe kabla hawajakaribishwa kiti. Wanafungua akaunti asubuhi, wanamuuliza mtu wa kwanza waliyekutana naye "hapa hela zinapatikanaje?", hawajibiwi, na jioni wameshafuta programu. Nimewaona wengi, nami nilikuwa mmoja wao.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa methali yenyewe. Utatembea, utajuana na watu, ndipo utashika jembe. Si suala la adabu tu. Kazi nyingi zinazolipa kwenye dunia hizi humfikia mtu ambaye sura yake imeshazoeleka mahali fulani.

Hatua ya 1: Chagua dunia moja, si tano

Ulimwengu pepe ni mahali pa kwenye intaneti, penye watu wengi kwa pamoja, panapoendelea kuwapo hata ukizima kompyuta yako. Hauna mshindi wala ngazi ya mwisho. Ukirudi kesho utakuta jirani amebomoa ukuta na duka la viatu limehamia upande wa pili wa barabara. Zipo dunia nyingi za namna hii, na kosa la kawaida ni kuzionja zote ndani ya wiki moja.

Roblox, iliyofunguliwa mwaka 2006, ni mkusanyiko wa michezo iliyotengenezwa na watumiaji wenyewe, na inakubali vizuri kwenye simu. Minecraft inawafaa wanaotaka kujenga pamoja na marafiki wachache kwenye seva yao, yaani kompyuta inayoendesha dunia yao. VRChat ni baraza la maongezi. Wengi huvaa miwani ya VR, inayokufanya ujione umo ndani ya picha, ingawa unaweza kuingia kwa kompyuta ya kawaida bila miwani. Second Life, iliyofunguliwa na kampuni ya Linden Lab tarehe 23 Juni 2003, ina watu wa makamo wengi zaidi na uchumi uliokomaa: ina sarafu yake, soko, wenye nyumba na wapangaji.

Mifano yangu mingi hapa chini ni ya Second Life. Ndiyo niliyokaa muda mrefu, na mtu aliyeielewa hiyo hapotei sana akihamia nyingine. Inataka kompyuta yenye nguvu kiasi na intaneti isiyokatika-katika. Kama una simu tu, anza na Roblox wala usijilaumu.

Hatua ya 2: Fungua akaunti, na kadi ya benki iache mfukoni

Kufungua akaunti ya kawaida ni bure. Tumia baruapepe unayoifungua mara kwa mara, nywila usiyoitumia kwingine, na washa uthibitisho wa hatua mbili siku hiyohiyo. Usisubiri mpaka uwe na kitu cha kuibiwa.

Jina la kuingilia lifikirie vizuri. Kwenye Second Life kulibadilisha baadaye kunalipiwa, na watu watakujua kwa jina hilo miaka mingi. Usitumie jina lako halisi wala mwaka wako wa kuzaliwa. Vilevile usichague kichekesho kitakachokuaibisha siku utakapotaka kufungua duka. Nimewahi kumtafutia rafiki mjenzi, nikampata aliye hodari kweli, rafiki akamkataa kwa sababu ya jina tu.

Taarifa za malipo usiziweke bado. Wiki mbili za kwanza hazihitaji hata senti.

Hatua ya 3: Jifunze kutembea na kutazama

Avata ni umbo lako mle ndani. Neno lenyewe lina asili ya Kisanskriti, na miongoni mwa mahali pa mwanzo lilipotumika kwa maana hii ni Habitat, dunia ya Lucasfilm Games iliyochezwa kwenye kompyuta za Commodore 64 katika miaka ya 1980. Utapewa avata ya kuanzia. Ichukue ilivyo. Usimalize saa tatu za mwanzo ukirekebisha pua.

Kinachomtenganisha mgeni na mwenyeji ni kamera. Mgeni hutembea mpaka kwenye kitu ndipo akitazame. Mwenyeji hubaki amekaa na kupeleka jicho. Kwenye Second Life bonyeza kitu huku umeshikilia kitufe cha Alt, kisha sogeza kipanya: kamera itakisogelea na kukizunguka. Fanya zoezi hili nusu saa nzima. Bila hilo utashindwa kununua nguo, kupanga samani, hata kujua nani anaongea.

Halafu punguza mzigo wa kompyuta. Fungua mipangilio ya picha na ushushe umbali wa kuona mpaka mita 64 ukiwa kwenye ukumbi wenye watu, na uupandishe tena ukiwa baharini au milimani. Weka pia kikomo cha uzito wa avata za wengine. Wanaozidi watageuka vivuli vya rangi moja na kompyuta itapumua. Malalamiko mengi ya kwamba "dunia hii ni nzito" huisha kwa mipangilio hii miwili.

Hatua ya 4: Siku za ugeni

Sasa tembea. Swali la "watu wanafanya nini mle?" lina jibu la kawaida kuliko wengi wanavyodhani: wanafanya yaleyale. Wanapiga soga, wanacheza dansi, wanahudhuria darasa la lugha, wanagombana na mwenye nyumba, wanapamba sebule. Wapo wanamuziki wanaoimba moja kwa moja kutoka chumbani kwao, sauti ikisikika kwenye ukumbi wa ndani, mbele yao kikiwa kisanduku cha tuzo, yaani bakshishi za wasikilizaji. Wapo mabaharia wanaoshindana kwenye Blake Sea, eneo la maji lililotengwa mahususi kwa vyombo. Wapo wanaojiunga na Relay For Life, matembezi ya kila mwaka ya kuichangia Jumuiya ya Saratani ya Marekani, ambayo yana toleo lake ndani ya Second Life. Na wapo watu wenye ulemavu waliounda jumuiya zao, Virtual Ability ikiwa miongoni mwa zinazofahamika zaidi. Mtu ambaye miguu yake haimruhusu kutoka nyumbani huenda ndiye aliyekushinda mashua jana.

Ukumbi ukiupenda, rudi kesho saa ileile, na keshokutwa. Mazoea hujengeka hivyo.

Adabu chache zitakusaidia. Soma wasifu wa mtu kabla ya kumtumia ujumbe wa faragha; wengi wameandika humo kama wanapenda kusumbuliwa au la. Fahamu pia maneno yako yanafika wapi: maandishi ya kawaida ya gumzo la wazi kwenye Second Life husomeka hadi mita 20, mnong'ono mita 10, ukelele mita 100. Ukuta hauyazuii. Umbea uliouandika ukumbini unasomwa jikoni kwa jirani, na hata ghorofa ya juu.

Jingine ni saa. Ratiba za matukio hufuata saa ya Pacific, ile ya California. Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tuna kazi mara mbili: kutoa tofauti ya kanda, kisha kuigeuza iwe saa ya Kiswahili. Tukio lililoandikwa 7 PM ni saa moja usiku ya huko, wala si ya kwako. Weka saa ya pili kwenye simu yako, isomeke California, na uache kupiga hesabu kichwani.

Hatua ya 5: Jua ruhusa za bidhaa kabla ya kununua hata kofia

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wageni wanapopoteza fedha nyingi, na ndipo ufundi wa biashara yote ulipo.

Kila kitu kwenye Second Life hubeba ruhusa tatu zilizowekwa na aliyekitengeneza: kunakili, kurekebisha na kuhamisha. Muuzaji akikupa kochi lenye ruhusa ya kunakili bila ya kuhamisha, unaweza kuyatandaza makochi mia nyumbani kwako, lakini huwezi kumpa mtu hata moja. Akikupa lenye ruhusa ya kuhamisha bila ya kunakili, unalo moja tu: ukimpa mtu, limekwenda. Asipokupa ruhusa ya kurekebisha, rangi isiyolingana na mazulia yako utaishi nayo.

Kwa hiyo jiulize kitu ni cha nini. Cha kumzawadia mtu kiwe cha kuhamishika. Cha nyumbani kwako kiwe cha kunakilika, ili kikiharibika au kikipotea utoe kingine stoo, yaani kwenye hifadhi ya vitu vya akaunti yako. Duka zuri huandika ruhusa hizi wazi kwenye tangazo. Lisiloandika, pita.

Nguo zina mtego wake. Avata nyingi siku hizi huvaa miili iliyotengenezwa na mafundi mbalimbali, na gauni lililoshonwa kwa mwili wa fundi mmoja litatoboka kwenye mwili wa mwingine. Tangazo litataja majina ya miili inayofaa. Kama wako haumo, usibahatishe. Karibu kila duka la nguo hutoa sampuli ya bure au ya sarafu moja. Ivae, kaa, inua mikono, geuka. Mimi nilinunua koti bila kujaribu sampuli, nikatembea wiki nzima na bega lililotokeza nje. Hakuna aliyeniambia.

Vitu vya bure navyo ni vingi, na vingine vizuri sana. Tatizo lake ni stoo: baada ya mwezi utakuwa na vitu elfu kadhaa na hutajua viatu viko wapi. Tengeneza makabati yako mapema.

Hatua ya 6: Ielewe fedha ya humo

Sarafu ya Second Life ni dola ya Linden, L$. Hununuliwa na kuuzwa kwenye soko la kampuni yenyewe, na kwa miaka mingi dola moja ya Marekani imekuwa ikicheza karibu na L$250. Kumbuka kipimo hicho: L$1,000 ni kama dola 4. Bei yenye sifuri nyingi humtisha mgeni bure, na mshahara wenye sifuri nyingi humlevya bure vilevile.

Kwa masharti ya kampuni, L$ si fedha kamili. Ni haki ya matumizi uliyopewa, na akaunti ikifungwa unaweza kuikosa. Ukitaka kuitoa iwe fedha ya kweli utathibitishwa kitambulisho na kukatwa ada. Soma masharti ya kutoa kabla ya kuanza kuchuma, na uhakikishe njia ya malipo wanayoitumia inafika ulipo.

Kuhusu matapeli, nitataja mawili tu. La kwanza: kikitokea kidirisha kinachosema kitu fulani kinaomba ruhusa ya kutoa L$ kwenye akaunti yako, kataa. Vipo vifaa halali vinavyoomba hivyo, kama mashine za mauzo utakazomiliki mwenyewe, lakini kwa mgeni jibu ni hapana, hata aliyekupa kifaa akiwa mcheshi vipi. La pili ni mtu anayeahidi riba. Mwaka 2007 "benki" ya ndani iitwayo Ginko Financial, iliyokuwa ikitangaza riba kubwa mno, ilianguka na fedha za wawekaji zikapotea. Januari 2008 Linden Lab ikapiga marufuku benki zisizo na usajili wa kweli. Marufuku ipo, wenye ndimi tamu nao bado wapo.

Hatua ya 7: Shika jembe

Sasa ni siku ya tatu. Unajulikana kwenye kumbi mbili au tatu, unajua kipanya chako na unajua bei. Kazi zimegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni kazi za kuwapo. Mwenyeji wa ukumbi huwapokea wageni na kuchangamsha gumzo. DJ hupiga muziki. Wapo wasimamizi wa maonyesho, wauza duka, wapiga picha, walimu wa wageni, na watafsiri wa maelezo ya bidhaa. Malipo yake mengi ni tuzo, nayo ni madogo; ukiyapima kwa saa, usitegemee kulipia pango la nyumba ya kweli. Lakini kazi hizi hazihitaji mtaji, na ndizo zinazokukutanisha na wateja wa kundi la pili. Kuzipata ni rahisi kwa aliyefuata hatua ya 4: mwenye ukumbi anayekuona kila Jumanne atakuuliza mwenyewe.

Kundi la pili ni kazi za kutengeneza. Hapa fuata njia hii.

Tafuta uwanja wa kujengea, eneo ambalo kila mtu anaruhusiwa kutoa vitu na ambalo hujisafisha baada ya muda. Jenga kwa primu, yaani maumbo ya msingi kama mchemraba, mche na tufe. Ukiweza meza, jaribu kiti. Ukiweza kiti kinachokalika bila avata kuzama ndani yake, umeshawapita wengi.

Kisha jifunze Blender, programu ya bure ya kuchonga meshi, yaani maumbo ya kina zaidi kuliko primu. Ndiyo inayotumiwa na wauzaji wengi wa leo, na itakuchukua miezi, si siku. Kupandisha picha ya kuvika kitu hulipiwa, kwa hiyo usipandishe ovyo: programu ya Second Life ina njia ya kuitazama picha iliyo kwenye kompyuta yako juu ya kitu kabla ya kulipa. Ipo pia Aditi, dunia ya majaribio ya kampuni hiyohiyo, ambako meshi hujaribiwa bila kutumia fedha halisi.

Wenye kichwa cha hesabu wajaribu skripti, yaani maelekezo yanayokifanya kitu kitende jambo. Lugha yake ya asili ni LSL. Ukitengeneza skripti mpya inakuja tayari na salamu ya "Hello, Avatar!" na hujibu ikiguswa. Badili maneno hayo, kisha ifanye ifungue mlango, kisha imfungulie mtu mmoja tu. Wanaoandika skripti safi ni wachache kuliko wanaochonga viti, na kila mchonga viti anamhitaji mmoja wao. Kama unasitasita, shauri langu ni uende huko.

Tupige hesabu ya kweli. Umeuza viti 40 kwa L$150 kimoja kwenye Marketplace, soko la wavuti la Second Life. Hiyo ni L$6,000. Soko likikata asilimia 10, zinabaki L$5,400, ambazo kwa kipimo chetu ni takriban dola 21 na senti 60, kabla ya ada ya kutoa. Kiti kimoja hakitakutajirisha. Viti hamsini vya aina mbalimbali, vinavyouzwa ukiwa umelala, hiyo ni habari nyingine, na hata hapo wanaoishi kwa kazi hii pekee ni wachache.

Kwenye Roblox njia ni tofauti: unatengeneza mchezo kwa Roblox Studio na lugha ya Luau, unauza vitu ndani yake, na ili ubadilishe Robux, sarafu ya humo, kuwa fedha unatakiwa uwe umechuma angalau 30,000 na uwe na umri wa miaka 13 au zaidi. Ulizonunua hazihesabiwi. Mzazi anayesoma hapa na ajue hilo kabla ya kumnunulia mtoto Robux "za kuanzia biashara".

Hatua ya 8: Ardhi, kwa tahadhari

Eneo zima la Second Life ni mraba wa mita 256 kwa 256, nalo hukatwa viwanja. Kodi kwa wiki, usinunue. Kabla ya kulipa angalia idadi ya vitu kiwanja kinavyobeba, kwa kuwa ndiyo itakayokubana kabla ya mita za mraba. Mtembelee mwenye nyumba, waulize wapangaji wake kama huwa anajibu ujumbe. Usilipe miezi sita mbele kwa mtu uliyemjua juzi.

Usiikimbilie ardhi ukidhani duka zuri litajiuza lenyewe. Mwaka 2006 na 2007 mashirika makubwa yalimiminika humo: Reuters ilifungua ofisi ya habari, Sweden ikafungua jengo ililoliita ubalozi, na kampuni za kila aina zikajenga visiwa vya fahari. Vingi vilikuwa vitupu baada ya muda mfupi. Majengo yalipendeza. Hapakuwa na mtu wa kukukaribisha.

Hatua ya 9: Ulinzi wa mtu na wa kazi

Mtu akikusumbua, bonyeza jina lake na umzuie. Hutamsoma wala kumsikia tena. Usimjibu kwanza ili "umweleze". Usitoe mahali unapoishi, kazi yako wala picha ya nyumba yako, hata kwa rafiki wa mwaka mzima. Maeneo ya Second Life yamegawanywa madaraja matatu, ya wote, ya wastani na ya watu wazima. Chagua kwenye mipangilio ya utafutaji unayotaka kuyaona, la sivyo utaangukia usipotarajia.

Halafu kazi zako. Dunia hizi hufungwa. Lively ya Google ilianza Julai 2008 na haikuuona mwaka mpya. There ilifungwa Machi 2010, ikarudi 2012. AltspaceVR ya Microsoft ilizimwa tarehe 10 Machi 2023. Kitu ulichokichonga kikabaki kwenye seva ya mwenzako tu, huzimwa pamoja nayo. Kwa hiyo kila faili la Blender, kila picha na kila skripti iwe na nakala kwenye kompyuta yako na nyingine kwenye diski ya pembeni, pamoja na orodha ya majina ya wateja wako wa kudumu na njia ya kuwapata nje ya dunia hiyo. Ifanye kila Ijumaa kabla hujaingia ukumbini, kwa maana ukishaingia hutakumbuka.